Matusi Uwanjani: Nani Humtukana Nani?

Kila msimu wa mashindano unapokaribia, viongozi wa michezo katika bonde la Kilombero hukutana kupanga ratiba, kugawa viwanja na kutafuta waamuzi. Katika vikao hivyo, iwe ni Ifakara mjini, Mang'ula, Mlimba au ng'ambo ya mto upande wa Ulanga, hakosekani mjumbe wa kusimama na kuuliza: matusi tuyafanyeje? Mjadala huwa mkali kwa dakika chache, kisha mwenyekiti husema muda umekwisha, na jambo huwekwa kiporo hadi msimu mwingine. Sisi tunaona kwamba halikwami kwa sababu ya muda. Linakwama kwa sababu pande zote mbili zinazobishana zimelikamata vibaya.

Upande wa kwanza husema kwamba matusi ni jasho la mchezo. Mchezaji aliyepigwa daluga la ugoko hawezi kutazamiwa aseme "samahani ndugu". Na shabiki aliyelima mpunga tangu alfajiri, kisha akatembea maili tatu kuja kuona timu yake ikinyimwa penalti, naye ana haki ya kufoka. Upande wa pili hujibu kwamba mdomo mchafu ni dalili ya malezi mabaya, kwamba vijana wameharibika, na kwamba dawa ni moja tu: atakayetoa tusi atolewe uwanjani, iwe ni tusi gani na kwa nani.

Tuanze na hawa wa pili, maana hoja yao ndiyo inayovaa nguo za heshima. Wanasahau kuuliza: kipimo hiki cha mdomo safi kilitoka wapi, na kilimlinda nani? Kandanda iliandikiwa sheria zake za kwanza London mwaka 1863, na walioziandika walikuwa mabwana waliosoma shule za matajiri. Iliponjoo kwetu ililetwa na misheni, shule na mabwana wa utawala, pamoja na mafundisho kwamba mwungwana hatukani. Lakini mwungwana yuleyule alipokuwa shambani au ofisini alimwita mtu mzima "boi", na mwenye ndevu nyeupe akamwita "mshenzi" mbele ya wajukuu zake. Zile sheria za mabwana na watumishi zilizotumika katika makoloni ya Afrika Mashariki zilifanya tusi la mtumishi kwa mwajiri wake kuwa kosa la kumfikisha mahakamani. Kwa tusi la mwajiri hakukuwa na mahakama. Hivyo basi tangu mwanzo katazo la matusi halikuwa katazo la matusi yote. Lilikuwa katazo la tusi linalopanda. Tusi linaloshuka liliitwa nidhamu.

Kada anayetaka kupiga marufuku kila neno chafu bila kuuliza limetoka kwa nani kwenda kwa nani, anarithi kipimo hicho bila kujua. Hiyo nayo ni kasumba.

Lakini upande wa kwanza nao hauponi. Kusema kwamba matusi ni jasho la mchezo ni kuyachanganya mambo ambayo Kiswahili chenyewe kimeyatenga zamani. Lugha yetu inayo matusi ya nguoni, inayo kejeli, inayo masimango, inayo dharau, na inao utani. Mtu hawezi kumsimanga asiyemfadhili, wala hawezi kumtania asiye mtani wake. Kila neno kati ya hayo linaeleza uhusiano fulani kati ya watu wawili. Sheria ya 12 ya mpira wa miguu, ambayo humwagiza mwamuzi kumtoa kwa kadi nyekundu anayetumia lugha ya kuudhi, ya kutukana au ya kudhalilisha, huyatia yote hayo katika kapu moja, ikamwachia mwamuzi kuchambua. Nusu ya kazi hiyo ya kuchambua ni kazi ya siasa, na makada hatuna budi kuifanya.

Mfano ulio karibu ni utani. Wasomaji wengi wanaujua kwa kuuishi, ila tumezoea kuuona kama kichekesho cha misibani. Hebu tuutazame kama mfumo. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika miaka ya 1870 na 1880. Leo ni watani. Wazaramo na Wanyamwezi walikutana katika misafara ya kwenda pwani, ambako palikuwa na biashara, ugomvi na kuibiana. Nao ni watani. Mahali palipokuwa na damu au ushindani, wazee wetu hawakuwaambia watu wapendane. Waliwapa ruhusa ya kutukanana, tena matusi mazito, lakini kwa masharti. Sharti la kwanza ni kwamba ruhusa iende pande zote mbili: ukinitukana leo nitakutukana kesho, na hakuna wa kukasirika. Sharti la pili ni la wajibu: mtani anayekutukana ndiye huyohuyo anayekuja kwenye msiba wako, akachimba kaburi, akakuchekesha usife kwa huzuni. Anayechukua uhuru wa kutukana anachukua na jembe.

Hii ndiyo sababu watu walipotafuta jina la uhusiano wa Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, hawakusema maadui wa jadi. Walisema watani wa jadi. Watu hawakuokota neno hilo ovyo. Nenda katika kijiwe chochote cha Ifakara Jumatatu baada ya mechi ya timu hizo, utamkuta fundi baiskeli akimtukana muuza samaki mpaka majirani wanacheka, na jioni wote wawili wako kwenye kikao kimoja cha kuchangia harusi. Asiyeweza kuvumilia maneno hayo, na akataka mgambo waje, huyo hauelewi utamaduni wake mwenyewe. (Tungependa pia kumkumbusha kwamba mgambo wenyewe wana timu yao.)

Basi kipimo tunacho. Tusi la uwanjani liulizwe maswali mawili: je, anayetukanwa anaweza kujibu kwa kadiri ileile bila kudhurika? Na je, anayetukana anamtambua mwenziwe kama mtu ambaye kesho atamzika? Pakiwa na jibu la ndiyo katika yote mawili, hata neno likiwa chafu, tuliache lipite. Pakiwa na hapana, hata neno likiwa safi kama lugha ya barua ya serikali, ni tusi baya, na lisivumiliwe.

Tulishushe jambo hili katika bonde letu, maana hapa lina uzito kuliko Dar es Salaam. Bonde la Kilombero lina Wandamba, Wambunga, Wapogoro, Wabena na Wahehe, tena lina watu kutoka kila pembe ya nchi waliofuata ardhi, mpunga, reli ya TAZARA iliyozinduliwa mwaka 1976, na miwa. Kiwanda cha sukari kule Kidatu, ambacho baada ya Azimio la Arusha kilikuwa mali ya umma na ambacho kilibinafsishwa mwaka 1998, kimevuta vibarua wa kukata miwa kwa miongo mingi. Timu ya wakata miwa inapoingia uwanjani, wako watazamaji ambao hupaza sauti: "manamba!" Kwa masikio ya kamusi hilo si tusi. Ni neno la mfanyakazi aliyeandikishwa kwa namba kwenda mashamba ya mkonge ya wakoloni, mtu ambaye jina lake halikumhusu msimamizi. Lakini kumwita kijana wa leo manamba ni kumwambia: wewe si mtu mwenye jina, wewe ni mkono wa kukodi. Na anayesema hivyo mara nyingi ni mtoto wa mkulima mdogo anayeuza miwa yake kiwandani hukohuko! Tusi hilo humfurahisha mnyonge mmoja kwa kumpiga mnyonge mwingine, na asiyekuwepo uwanjani kabisa ndiye anayefaidika.

Pabaya zaidi ni pale panapogusa ardhi. Tangu wafugaji walipoingia bondeni na mifugo mingi, pamekuwa na migogoro ya mashamba na malisho, na operesheni ya mwaka 2012 ya kuondoa mifugo katika eneo oevu iliacha uchungu ambao haukuisha na operesheni. Sasa fikiria mechi ya vijiji viwili, kimoja cha wakulima na kingine chenye kaya nyingi za wafugaji. Beki anapitwa, anamshika jezi mshambuliaji, wanaanguka, na kutoka pembeni inasikika: "Rudini kwenu na ng'ombe zenu!" Hapo hakuna neno la nguoni hata moja. Mwamuzi anayefuata orodha ya maneno machafu ataendelea na mchezo. Lakini sentensi ile si ya mpira. Ni tishio la kumfukuza mtu katika ardhi, limesemwa mbele ya mamia, na baadhi yao wana fimbo na panga nyumbani. Ni upofu kumpa kadi nyekundu mchezaji aliyejitukana mwenyewe kwa kukosa goli, na kuiacha sauti ile ipite.

Sheria ya nchi katika jambo hili imeona mbali kuliko baadhi ya kamati zetu. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu hakitoi orodha ya maneno. Kinatazama kama lugha ya matusi imetumiwa kwa namna inayoweza kuleta uvunjifu wa amani. Na FIFA, katika kanuni zake za nidhamu za mwaka 2019, ilimwekea mchezaji anayembagua mwenzake kwa rangi au asili adhabu isiyopungua mechi kumi. Hata huko, basi, imekubaliwa kwamba tusi linalomwondoa mtu katika ubinadamu ni kitu kingine kabisa.

Tena kuna anayetukanwa ambaye hana ulimi, naye ni mwamuzi. Mwamuzi wa ligi ya kata ni mwalimu wa shule ya msingi au kijana mwenye filimbi ya kuazima, posho yake haitoshi nauli ya bodaboda, na baada ya mechi anapita katikati ya watu walewale waliomtukana. Akijibu, amevunja kazi yake. Akinyamaza, huchukuliwa kama amekubali. Utani hauwezi kumhusu, kwa kuwa njia ya kujibu imefungwa. Tunasema bila kusita kwamba matusi kwa mwamuzi yasivumiliwe, na sababu ni hiyo, si ukubwa wa cheo chake. Hali ni hiyohiyo kwa wasichana wa netiboli na wa mpira wa miguu wanaotukanwa maumbile yao na wanaume waliokaa chini ya mwembe. Msichana akijibu kwa kadiri ileile, ni yeye atakayeitwa mhuni kijijini.

Na tusi la mama au dada? Katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2006 mjini Berlin, Zinedine Zidane wa Ufaransa alimpiga kichwa Marco Materazzi wa Italia, akatolewa. Materazzi alikiri baadaye kwamba alimtukana dada yake. FIFA ilimfungia Zidane mechi tatu, lakini na Materazzi alifungiwa mechi mbili. Wako waliosema ni kuonea, maana maneno hayavunji mfupa. Sisi tunaona hesabu ile ilikaribia haki. Dada hakuwa uwanjani, hakucheza rafu, hakuwa na njia ya kujibu.

Tatizo ni kwamba vyombo vyetu vya adhabu bado vina mwelekeo ule wa zamani wa kusikia vizuri zaidi tusi linalopanda. Mwezi Julai mwaka 2022 Kamati ya Maadili ya TFF ilimfungia Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Yanga, miaka miwili na faini ya shilingi milioni 20 kwa maneno yake kwa Rais wa shirikisho wakati wa fainali ya Kombe la Shirikisho kule Arusha. Hatuingii katika haki ya hukumu ile; maneno ya vitisho kwa kiongozi wa mchezo ni kosa popote. Tunachouliza ni mizani. Klabu ambayo mashabiki wake wamemtukana mwamuzi dakika 90 hulipa faini ndogo sana ukilinganisha na hiyo, na mwamuzi mwenyewe haambulii hata barua ya pole. Kijana wa kata akiona hivyo atajifunza nini? Atajifunza kwamba kosa ni kumtukana mkubwa.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kile kifungu cha 15 kinachofahamika, ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Haukusema isipokuwa siku za mechi. Nasi sote tunajua mgeni rasmi ni nani katika mashindano ya mbuzi au ya jezi kijijini: ni mwenyekiti, diwani, katibu, wakati mwingine mfadhili anayejiandaa kwa uchaguzi. Huyo ndiye wa kwanza kupewa kiti, na mara nyingine ndiye wa kwanza kusimama na kumwita mwamuzi mwizi. Tangu mwaka 2019 sheria za mpira zinamruhusu mwamuzi kuwaonyesha kadi kocha na viongozi wa benchi. Kwa mgeni rasmi hakuna kadi.

Kamati za ligi zetu zaweza kuandika lao. Manahodha wakutane kabla ya mechi, wakubaliane mbele ya watu kwamba utani ruksa, na kwamba kabila, ardhi, kazi ya mtu, mwili wa mtu na mzazi wa mtu haviguswi. Anayevunja, nahodha wake mwenyewe amtoe kabla mwamuzi hajatia mkono mfukoni. Na ikiwa anayemtukana mwamuzi amekaa katika viti vya mbele, mchezo usimame mpaka ahamie nyuma ya kamba pamoja na watu wengine. Dakika zitakazopotea ziongezwe mwishoni, kama zinavyoongezwa kwa mchezaji aliyeumia.