Majini, Kigego na Darasa

Mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni, vikiwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid vya Mmarekani Jeff Kinney, kwa hoja kwamba yaliyomo hayaafikiani na mila, desturi na malezi ya Kitanzania. Ugomvi wa safari ile ulikuwa juu ya maadili, wala haukuwa juu ya majini. Lakini mlango wa kuchuja vitabu ukisha kufunguliwa, swali la pili hufuata: je, vitabu vya majini, mizimu na uchawi navyo vina haki ya kuingia darasani? Marekani walikwisha kuligombania. Kwa hesabu ya Chama cha Maktaba cha nchi hiyo, vitabu vya Harry Potter ndivyo vilivyolalamikiwa kuliko vyote kati ya 2000 na 2009, na uchawi ulikuwa miongoni mwa sababu kuu.

Kwetu swali hili ni zito zaidi. Mzazi wa Kitanzania asemaye kwamba hadithi ya uchawi si mchezo hana upuuzi. Katika mikoa ya Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa ushahidi wa wekundu wa macho yao, ambao aghalabu ni kazi ya moshi wa jikoni. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliandamwa kwa mapanga, hata Januari 2009 Serikali ikasimamisha leseni za waganga wa jadi. Mahali ambapo imani huua, mwalimu hawezi kusema tu kwamba hadithi ni hadithi.

Basi tulipime neno hili katika milima ya Usambara. Pale Amani Wajerumani walianzisha mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea, na katika miaka ya 1950 pakawa makao ya utafiti wa malaria. Watoto wa huko wamekua baina ya elimu mbili: darubini na majina ya Kilatini ya miti kwa upande mmoja, na ngano za wazee kwa upande wa pili. Wako wadhanio kwamba elimu ya kwanza haina budi kuifukuza ya pili. Sisi twaona sivyo. Katika zama za ukoloni ulienea Afrika Mashariki uvumi wa mumiani, watu waliosemwa kwamba hunyonya damu za wenzao; na uvumi huo ulisimuliwa kama habari ya jana, ukataja barabara, magari na watumishi wa idara. Ngano haifanyi hivyo. Msimulizi husema “Paukwa!”, wasikilizaji wakajibu “Pakawa!”, na kwa jibu hilo kila mtu amekubali kwamba anaingia katika nchi nyingine, ambamo sungura husema na mawe husikia. Mtoto aliyezoea kuitikia hivyo amefunzwa kutenga ngano na habari. Uvumi haumwombi mtu itikio lolote.

Fasihi yetu andishi nayo imejaa maajabu. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, ni habari ya nchi inayoelea angani. Marehemu Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga na mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliweza kumsimamisha Karama mbele ya baraza la nchi hiyo, akishtakiwa kwa sababu ametaka watu wafundishwe sheria. Jambo hilo lingalisemwa waziwazi juu ya Tanganyika ya siku hizo, lingalimletea mwandishi taabu. Anayetaka kuondoa maajabu yote shuleni atamwondoa na Karama.

Hata hivyo hatusemi kwamba kila ajabu ni jema. Tukitazame kitabu chake cha mwaka 1952, Adili na Nduguze. Jini awageuza manyani ndugu wawili waliomtosa Adili baharini, naye Adili alazimishwa kuwapiga kila usiku, hata hatimaye warudishiwe ubinadamu wao. Mzazi mwenye hofu atalishtaki jini. Sisi twaona jini hana kosa. Ametenda kama hakimu, na msomaji ajua fika kwamba hakimu wa namna hiyo hayuko Tanga. Kasoro iko mahali pengine. Ndugu hao waitwa Hasidi na Mwivu. Wamehukumiwa na majina yao kabla ya kutenda neno, na mwanafunzi hupata mazoea ya kumjua mwovu kwa alama yake. Mazoea hayo ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa hayana umbali na yale ya mtu atazamaye macho mekundu ya bibi kizee akasema amekwisha kumjua.

Dawa yake imo katika kitabu cha milima hii hii. Habari za Wakilindi, kilichotungwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemi na kurudiwa kuchapishwa mwaka 1962, chasimulia Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu akaja kutawala Usambara kutoka Vuga. Mna uganga humo na simba aliyeuawa usiku, mambo ambayo mchujaji mwepesi angeyakata. Lakini Mbegha alikuwa kigego, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, na kigego alihesabiwa kuwa nuksi kwa jamaa zake. Ndugu zake walimnyima urithi kwa hoja hiyo. Na kigego huyo ndiye aliyegawa nyama kwa wenye njaa, akaombwa awe mfalme. Mwanafunzi akiulizwa, “Ni nani waliokosea juu ya Mbegha, na walitumia ushahidi gani?”, ameanza kuipima imani iliyowaua watoto wengi wasio na hatia, wala hakuna aliyemtukania babu zake.

Kwa hiyo wanaochagua vitabu vya shule wasihesabu majini. Waangalie jinsi kitabu kinavyomhukumu binadamu: kwa kitendo, au kwa sura na jina? Kile cha namna ya pili kisifungiwe kabatini iwapo mwalimu yupo wa kukisoma pamoja na watoto na kuwauliza. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa shuleni, kisha ikaja kusomwa humo. Zuio lile halikuwafunza vijana namna ya kuisoma. Kazi hiyo ni ya mwalimu, na wizara ikimpa vitabu bila mafunzo ya uhakiki, itakuwa imemwachia mtoto jini peke yake.