Hataza Bora Hujulikana kwa Madai Yake

Mtu akikuonyesha cheti cha hataza, usikimbilie muhuri wala jina la mvumbuzi. Cheti kinathibitisha tu kwamba ombi lilipita. Ubora wa hataza umo ndani, katika maandishi ambayo watu wengi hawayafungui. Jijini Nairobi, uhandisi hufundishwa katika kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na sheria katika kampasi yake ya Parklands. Hataza inahitaji pande hizo mbili zikae meza moja, kwa sababu ni hati ya sheria inayozungumzia chuma, waya na mwanga. Mwenye kuipima sharti awe na macho ya pande zote mbili.

Anza na madai

Hati ya hataza ina michoro, maelezo na madai. Madai ndiyo mipaka ya shamba: yasipoitaja sehemu, sehemu hiyo si yako, hata kama michoro imeionyesha vizuri namna gani. Kwa hiyo soma dai la kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Chukua mfano wa kiti cha baiskeli. Dai linalosema "kiti chenye springi mbili za chuma chini ya ngozi nyeusi" ni jembamba mno. Mshindani ataweka springi tatu, au mpira badala ya chuma, na hataza haitamgusa. Dai linalosema "kiti kinachompunguzia mwendeshaji maumivu" ni pana mno, maana linataja faida bila kusema inapatikanaje. Isitoshe, Mwingereza John Boultbee Brooks alipata hataza ya kiti cha ngozi kwa shabaha hiyohiyo mwaka 1882.

Dai zuri hutaja sehemu, namna zinavyoungana, na kazi inayotokana na muungano huo: kwa mfano, kiti chenye pande mbili za kukalia, kila upande ukibebwa na kiungo chake kinachonyumbuka, ili mguu mmoja ukikanyaga, upande wake ushuke peke yake. Chini ya dai hilo hufuata madai tegemezi yanayotaja springi, mpira au chuma. Dai kuu likivunjwa mahakamani, hayo ya chini huenda yakasimama. Hati yenye dai moja tu imeandikwa kwa haraka au kwa kubania gharama.

Pima upya wake

Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001 inadai mambo matatu: uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya kivumbuzi, na uweze kutumika kiwandani. Upya hupimwa kwa dunia nzima.

Mhandisi Mkenya Roy Allela alisifiwa kwa glavu za Sign-IO, ambazo sensa zake hupima jinsi kila kidole kinavyopinda, kisha programu ya simu hugeuza ishara za viziwi kuwa sauti. Ni kazi ya kujivunia. Hata hivyo, mwaka 1983 Gary Grimes wa Bell Labs alipewa hataza ya Marekani ya glavu yenye sensa za kusoma herufi za mkono. Anayetaka hataza ya glavu ya aina hii leo hawezi kudai "glavu yenye sensa". Adai kile alichoongeza: namna ya kuzipanga sensa, au namna ya kuzoea kasi ya kila mtumiaji. Hati bora huitaja kazi ya waliotangulia waziwazi, kisha huonyesha ilikokomea. Hati inayonyamaza kuhusu waliotangulia itiliwe shaka. Nawe tafuta mwenyewe. Hifadhidata za hataza za Espacenet na Patentscope ni bure.

Uliza: je, fundi yeyote angeliwaza?

Mwaka 2009, Pascal Katana na Jeremiah Murimi, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walitengeneza chaja ya simu inayotumia dainamo ya baiskeli. Dainamo ilijulikana zamani, na chaja pia. Kuunganisha vitu viwili vinavyojulikana hakutoshi kuwa hatua ya kivumbuzi kama fundi mzoefu angefanya vivyo hivyo bila kuumiza kichwa. Mvumbuzi wa kifaa cha namna hiyo atafute ugumu aliouvuka. Umeme wa dainamo hupanda na kushuka kadiri ya kasi ya baiskeli, na simu haiutaki umeme wa hivyo. Kama saketi yake inautuliza kwa njia ambayo wengine hawakuiwazia, hapo ndipo dai lisimame.

Hatua ya kivumbuzi ikiwa ndogo, si aibu. Kenya inatoa pia cheti cha modeli ya matumizi, kisichodai hatua ya kivumbuzi na kinachodumu miaka 10. Modeli ya matumizi iliyoandikwa vizuri ni bora kuliko hataza dhaifu.

Tazama tarehe

Novemba 1957, Gordon Gould, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliandika daftarini wazo lake la leza na kulipeleka likapigwa muhuri. Lakini aliamini kwamba lazima atengeneze kifaa kwanza ndipo aombe hataza. Charles Townes na Arthur Schawlow waliwasilisha ombi lao mwaka 1958, na wakapewa hataza Machi 1960. Gould aliwasilisha lake mwaka 1959, akapambana kwa miaka mingi, na mwaka 1977 ndipo alipopata hataza ya maana ya leza.

Kwa sheria ya Kenya, wawili wakivumbua kitu kimoja kila mtu kivyake, haki ni ya aliyetangulia kuwasilisha ombi. Hataza hudumu miaka 20 tangu siku hiyo, na ada hulipwa kila mwaka. Ada isipolipwa, hataza hufa. Vilevile ina nguvu Kenya pekee. Anayetaka ulinzi katika nchi nyingine kadhaa za Afrika anaweza kupitia ARIPO, shirika la mali miliki la kanda lenye makao Harare.

Mwisho, soma maelezo kama fundi

Mvumbuzi hupewa ulinzi kwa sharti kwamba afichue siri yake. Mpe fundi hodari maelezo yale. Akishindwa kukitengeneza kifaa, hati hiyo ina kasoro, hata kama lugha yake inang'aa.

Kwa hiyo, kijana mwenye kifaa mkononi, usikitangaze kwenye maonyesho kabla ya kuwasilisha ombi kwa KIPI, taasisi ya mali ya viwandani ya Kenya. Sheria ya Kenya inakuvumilia miezi 12 ukishakitangaza mwenyewe, lakini nchi nyingi hazivumilii. Tafuta wakala anayeelewa uhandisi, kaeni pamoja juu ya dai la kwanza, na usitie saini mpaka uweze kulieleza kila neno lake.