Kifaru wa Momella na Pete ya Fokasi

Katika filamu ya Hatari!, John Wayne ameketi kwenye kiti kilichofungwa juu ya madigadi ya mbele ya lori. Ameshika mti mrefu wenye kitanzi, na kando yake kifaru anakimbia akitifua vumbi. Kila ninapoirudia sehemu hiyo, jicho langu huenda kwenye ukali wa picha. Gari linarukaruka, mnyama anasogea na kurudi, lakini uso wa mtu na pembe ya kifaru vinaonekana sawasawa. Wakati huo kamera haikuwa na fokasi ya kujiendesha. Pete ya lenzi ilizungushwa na mkono wa mtu.

Filamu hiyo ya Howard Hawks ilitoka mwaka 1962. Matukio ya nje yalipigwa Tanganyika, na kambi ya wakamata wanyama ilikuwa Momella, chini ya Mlima Meru. Mpiga picha mkuu, Russell Harlan, aliingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar kwa kazi hiyo. Wanyama walifukuzwa kweli, na waigizaji walishiriki kuwakamata. Kifaru hafanyi mazoezi wala hasimami kwenye alama. Iliwezekanaje, basi?

Jibu la kwanza ni mwendo. Mnyama anayekuja moja kwa moja kwenye lenzi hubadilisha umbali kila nukta, na pete lazima izunguke bila kupumzika. Gari la kamera likikimbia sambamba naye, kasi yote inafutika. Wote wawili wanakwenda mbio, ila umbali kati yao hubadilika kidogo tu. Mvuta fokasi, yaani yule anayezungusha pete, anabaki na kazi ya kufidia hatua chache, ndani ya eneo analolijua.

Jibu la pili ni jua. Filamu ya rangi ya Eastman iliyotoka mwaka 1959 ilikuwa ya ASA 50 kwa taa za studio, na 32 juani baada ya kuweka filta. Kwa kasi hiyo ndogo, jua kali la uwandani linadai tundu la lenzi lifungwe hadi karibu f/11. Hapo hesabu inapendeza: lenzi ya milimita 50 ikiwekwa fokasi mita 9, kila kitu kuanzia mita 4 na nusu hadi upeo wa macho kinatoka kikali.

Leo tumeigeuza hesabu hiyo. Kamera zetu zinaona hata gizani, nasi tunaweka filta ya ND, ya kupunguza mwanga, ili tufungue lenzi hadi f/2, nyuma pawe ukungu mzuri. Lenzi ileile ya milimita 50, kwa mita 9, sasa ina ukali kati ya mita 7.6 na 11. Ukichukua ya milimita 85 na kumsogelea mtu hadi mita 3, unabakiwa na sentimita 12. Ukiweka fokasi kwenye jicho la mchuma kahawa, mkono anaounyoosha kwako umeshapotea. Ukifunga hadi f/5.6, unapata sentimita 35 hivi, na mkono wa mvuta fokasi unapata nafasi ya kupumua.

Ndiyo maana nazitetea lenzi za zamani za mkono. Pete yake ina mwanzo na mwisho halisi, na namba za mita zimechongwa juu yake. Lenzi nyingi za kisasa huendesha fokasi kwa umeme: ukizungusha pete haraka fokasi inasogea sana, ukizungusha polepole inasogea kidogo, hivyo alama uliyoiweka asubuhi mchana haina maana. Folofokasi, yaani kifaa cha gia cha kuzungushia pete hiyo, inahitaji pete isiyobadilika. Unafunga mkanda wa meno kwenye lenzi, meno ya kipimo cha 0.8 ambacho ndicho cha kawaida, unapachika gia kwenye fito za milimita 15, kisha unaandika alama kwenye sahani yake nyeupe. Jihadhari na lenzi za Nikon: pete yake huzunguka kinyume na za sinema. Tafuta folofokasi yenye uwezo wa kugeuza mwelekeo, la sivyo mkono uliozoea upande mmoja utakusaliti.

Sasa twende shambani, kwenye miteremko ya Meru. Mama anatoka kwenye mbuni, anapita kando ya kamera, anamimina kahawa kikapuni. Weka jiwe dogo kwenye sehemu tatu: mita 4, mita 3, mita 1 na nusu. Pima kwa utepe wa kupimia ukianzia kwenye alama ya duara lenye mstari juu ya mwili wa kamera, maana hapo ndipo picha inapoangukia. Ukipima kutoka kwenye kioo cha lenzi umekosea tangu mwanzo. Andika alama tatu kwenye sahani. Kisha simama ubavuni mwa kamera, umtazame mama. Skrini ya kamera itakuonyesha kosa likiwa limeshatokea, lakini mguu wake unakuambia anakokwenda. Mguu ukiinuka, mkono uanze. Ukitua kwenye jiwe, mkono uwe umefika. Rudieni mara kadhaa bila kurekodi.

Baadaye ondoa mawe. Nenda Tengeru siku ya soko, ukadirie kwa jicho umbali wa kila anayepita, kisha upime. Ukianza kukosea kwa chini ya shibiri, uko tayari kwa vitu visivyosimama kwenye alama: mtoto anayecheza, ng'ombe barabarani, twiga wa Momella. Hicho ndicho kipimo walichokuwa nacho mkononi watu waliomfukuza kifaru kwa kamera, na hakiuzwi pamoja na lenzi.