Hoteli ya Chumbe Ilijengwa Kuanzia Chooni

Picha za hoteli ndogo za kifahari za Santorini, kule Ugiriki, zimeenea kiasi kwamba mwekezaji yeyote anayetaka kujenga kisiwani huanza kwa kuziiga: kuta nyeupe, kibaraza kinachotazama bahari, kidimbwi cha kuogelea kando ya kitanda. Picha hizo haziwezi kumwonyesha maji yanatoka wapi na yakishatumika yanakwenda wapi, na kisiwani maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua kama hoteli itadumu. Santorini yenyewe hupata milimita mia tatu na ushei tu za mvua kwa mwaka, karibu zote katika majira ya baridi, ilhali wageni humiminika wakati wa kiangazi. Wazee wa huko walichimba mabirika ya kuhifadhi mvua. Leo kisiwa kinategemea sana mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari, inayokula umeme usiku na mchana. Afrika Mashariki tunayo hoteli iliyojibu maswali hayo kwa njia nyingine, na nadhani jibu lake limepewa sifa isiyo yake. Chumbe, karibu na Unguja, husifiwa kwa mazingira na kwa mahaba ya vibanda vyake. Kilichofanya yote hayo yawezekane ni choo kisichotumia maji, na hesabu ya choo hicho inatuhusu sana sisi tunaoishi Lubaga, Kampala.

Chumbe ni kisiwa cha hekta 22 hivi, umbali wa kilomita kama kumi na mbili kutoka Mji Mkongwe. Ni jiwe la matumbawe lililoota msitu, lenye mnara wa taa wa mwaka 1904 na msikiti mdogo wa zamani, lakini halina chemchemi wala kisima cha maji baridi. Mwaka 1991 Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa akiishi Zanzibar, aliunda kampuni ya kukihifadhi. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza mwamba wake wa magharibi kuwa hifadhi, na mwaka 1998 wageni wakaanza kulala. Vibanda ni saba tu. Kila kimoja kina paa kubwa linalokusanya mvua. Maji hupita kwenye chujio la kokoto na mchanga, yakaingia birikani chini ya sakafu, kisha hupandishwa kwa pampu ya mkono na kupashwa moto na jua kabla ya kufika bafuni. Umeme ni wa sola. Choo ni cha mboji: mtumiaji humwaga majani makavu badala ya kuvuta maji, na bomba la hewa huondoa harufu kwa nguvu ya upepo. Maji ya kuogea huchujwa, kisha huelekezwa kwenye kitalu cha mimea yenye kunyonya rutuba nyingi.

Ukisoma maelezo hayo haraka utaona vifaa vizuri vilivyopangwa pamoja. Kwa fundi ni uamuzi mmoja wenye matokeo mengi, na ili kuuona afadhali tuutoe Chumbe tuulete kwenye nyumba ya kawaida ya Ndeeba au Nateete, humu Lubaga. Kampala hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba hupokea lita 120,000. Toa sehemu ya tano kwa ajili ya kinachovuja, kinachokauka na mvua ya kwanza inayoosha vumbi la mabati. Zinabaki lita 96,000, yaani kama 260 kwa siku. Familia ya watu watano hupata lita 52 kila mtu. Sasa weka choo cha kuvuta maji kinachotumia lita tisa, kivutwe mara tano kwa kila mtu: lita 45 zimekwisha, na saba zilizobaki hazitoshi kupika, kuoga na kufua. Hata choo cha lita sita hula zaidi ya nusu ya mgao. Paa ni lilelile na mvua ni ileile. Anayeanza na tangi na kuacha choo cha zamani atahitimisha kwamba mvua haitoshi, kumbe amekata hesabu upande usiofaa.

Huko Chumbe choo hicho kina kazi ya pili iliyo nzito zaidi. Jiwe la matumbawe lina matundu mengi; shimo la choo au tangi la majitaka likivuja, naitrojeni na fosforasi hufika baharini bila kizuizi, mwani hustawi na kuyafunika matumbawe. Mwamba huo una aina zaidi ya 400 za samaki, na mgeni hulipa kwa sababu yake. Hoteli ambayo ingevutia wageni kwa mwamba huku vyoo vyake vikiuua ingekuwa inauza mtaji wake kidogokidogo. Ndiyo maana idadi ya vibanda haikuachwa kupanda zaidi ya saba. Linganisha na pwani ya Unguja yenyewe. Ripoti ya shirika la Tourism Concern ya mwaka 2012 ilikadiria kwamba chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195 kwa siku, wakati kaya ya kijiji jirani ilitumia lita 93. Tofauti hiyo hutoka kwenye visima wanavyovitegemea wanakijiji wale wale.

Wapo watakaosema kwamba hayo yanawezekana kwa matajiri tu. Pingamizi hili lina uzito. Mgeni wa Chumbe hulipa dola mia kadhaa kwa usiku, na ujenzi ulichukua miaka zaidi ya ilivyopangwa kwa sababu kila kifaa kilipaswa kuvushwa kwa mashua. Isitoshe, Uganda imekwishajaribu vyoo vikavu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 vyoo vya kutenganisha mkojo vilienezwa katika miji ya kusini-magharibi, Kisoro na Kabale zikiwemo. Vingine vikatunzwa, vingine vikaachwa. Lakini ushahidi huo unaonyesha kasoro iko wapi. Choo cha mboji hakina fumbo la kiufundi, kina kazi. Lazima mtu alete majani, ageuze mboji, asubiri muda wake, aiondoe. Huko Chumbe kazi hiyo ina mshahara, kama ilivyo kwa wavuvi wa zamani waliofunzwa kuwa walinzi wa mwamba. Mradi uliojenga choo ukaondoka bila kuacha mshahara wa anayekitunza ulijenga nusu ya choo. Bei ya chumba cha Chumbe, kwa sehemu kubwa, ndiyo inayolipia nusu ile nyingine.

Pingamizi la pili hutoka kwa wanaoitazama Kalangala. Visiwa vya Ssese, vinavyounda wilaya hiyo ndani ya Ziwa Victoria, vimezungukwa na maji baridi pande zote, hivyo kwa nini mtu ahangaike na paa? Kwa sababu ziwa hilo ndilo linalopokea uchafu wa hoteli za visiwani, na halikai mahali pamoja. Mei 2020 kipimo cha maji ya ziwa kilichoko Jinja kilisoma mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964, na majengo mengi ya ufukweni yakafunikwa. Shimo la choo lililochimbwa mita chache kutoka mchangani likifurika hugeuka kuwa sehemu ya ziwa. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinahifadhi mita 200 kutoka ufukweni mwa Ziwa Victoria. Anayepanga hoteli ndogo Bugala, kimojawapo cha visiwa vya Ssese, angefaidika kuchukulia mita hizo kama sehemu ya usanifu wake: vibanda juu ya kilima, nyuma ya miti, choo kikavu chenye chumba cha mboji kilichojengwa juu ya ardhi, ufukwe ukiachwa wazi. Mandhari ya ziwa huonekana vizuri zaidi kutoka juu.

Huku Lubaga, mabonde yetu yana tatizo la jiwe la Chumbe kwa sura nyingine. Maji ya ardhini yako karibu, mashimo ya vyoo yamechimbwa karibu na chemchemi wanazochotea watu, na bomba la majitaka hufikia sehemu ndogo tu ya wakazi wa Kampala. Mtambo wa Lubigi, uliofunguliwa mwaka 2014 kusafisha tope la vyooni, ni hatua kubwa, ila tope lazima lifike huko, na gari la kunyonya haliingii kwenye vichochoro. Choo cha mboji hutoa kitu kikavu, chepesi, kinachobebeka kwa toroli. Kinachokosekana ni mtu anayelipwa kuendesha toroli hilo kila wiki, na mwenye nyumba za kupanga anaweza kumlipa kutoka kwenye kodi ileile ambayo sasa inalipia kuchimba shimo jipya kila la zamani linapojaa.