Saa Tano ya Ndovu Haingoji Basi

Nianze na hukumu, maana mnaonifuata hapa mnajua sina subira ya kuificha. Aliyepanga makumbusho ya Museum Hill na ndovu yatima katika asubuhi moja alikosea, na alikosea akiwa na ramani mkononi. Msisingizie foleni, wala bahati mbaya. Siku ile ilikwisha kuharibika tangu usiku ratiba ilipotumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, nasi sote tukaijibu kwa vile vidole gumba vya njano, mimi nikiwemo.

Safari yenyewe mnaijua, wengi wenu mmeshaifanya: watoto 34 wa gredi ya tatu hadi ya sita, treni ya SGR ya asubuhi kutoka Mombasa, siku tatu Nairobi, likizo ya Agosti. Malazi, chakula, tiketi zilizolipwa mapema, akina mama wawili wa kuhesabu vichwa kila mlangoni: hapo kamati iliyoipanga ilifanya kazi safi.

Sasa Jumanne.

Kituo cha ndovu yatima cha Sheldrick kiko kusini, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wageni wa kawaida hupokewa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana. Wadogo kabisa ndio hutangulia, wakitoka porini mbio wakifuata chupa za maziwa. Wakishashiba na kuchezea tope hurudishwa, kisha wanaingia kaka na dada zao. Anayechelewa hapunguziwi kiingilio, hupunguziwa ndovu.

Makumbusho nayo yako kilimani, kaskazini mwa katikati ya jiji. Kutoka pale basi lishuke Uhuru Highway, liingie Lang'ata Road, lipite uwanja wa ndege wa Wilson, lipite Bomas, ndipo lishike Magadi Road. Kamati iliandika hivi: saa tatu makumbusho, saa nne na nusu kuondoka, saa tano ndovu. Nusu saa! Watoto 34 kupitia chooni peke yake ni dakika ishirini. Sijataja yule aliyesahau kofia, na daima yuko aliyesahau kofia.

Tulifika saa sita kasoro dakika kumi na saba. Niliangalia saa yangu, nikaangalia ya dereva, zikakubaliana. Kwenye kamba watu walikuwa wamejipanga safu tatu, na watoto wetu, wafupi kama walivyo, wakaona migongo ya watalii na vumbi jekundu juu ya vichwa vyao. Kwa kupenya na kubebana wakapata kuona ndovu wawili wakubwa wakijimwagia udongo, mmoja akiwa bado ameshika chupa tupu kwa mkonga hataki kuiachia. Kisha walezi wenye makoti ya kijani wakawaongoza kurudi porini. Tulichofaidi zaidi ni makalio. Msichana mmoja wa gredi ya tatu akanivuta shati. "Mjomba, wale wadogo wako wapi?" Wale wadogo walikunywa maziwa yao wakaenda zao sisi tukiwa kwenye foleni ya Wilson.

Kwa mtu wa pwani uchungu ni mara mbili, kwa sababu ya kile kilichosemwa kabla hatujafika. Daphne Sheldrick, aliyeanzisha shirika hili mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya mumewe David, mhifadhi wa kwanza wa Tsavo Mashariki, alihangaika miaka mingi kutafuta maziwa ya kumnusuru ndovu mchanga. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe hayamfai. Ndovu anaharisha hadi anakufa. Kilichokuja kufaa ni maziwa ya unga ya watoto yaliyotiwa mafuta ya nazi. Nazi, jamani! Mtoto wa Likoni anayekalia mbuzi kila jioni kumkunia mamake tui angesimama pale akasikia kwamba ndovu yatima wa Tsavo, pori lile lile alilolipita jana dirishani mwa treni, ameponea nazi. Kisa kama hicho kingebaki naye mpaka uzeeni. Saa sita kasorobo hakisimuliwi.

Mnaodhani makumbusho angalau yalifaidika, mnakosea pia. Nusu saa nzima iliishia kwenye ukumbi wa ndege waliokaushwa, kwa kuwa ndio wa kwanza kuwavutia na hakuna aliyekuwa na mpango. Tulipofika kwa Mvulana wa Turkana, mama mmoja alikuwa tayari anapiga makofi kwamba basi limeshawashwa. Yule mvulana, ambaye mifupa yake ilionwa mara ya kwanza na Kamoya Kimeu kule Nariokotome mwaka 1984, aliishi kama miaka milioni moja na nusu iliyopita, na wataalamu wengi wanakadiria alikufa akiwa na umri wa miaka minane au tisa. Yaani rika lao! Ila kwa kimo alikuwa karibu na mtu mzima. Ungemsimamisha mtoto wa gredi ya nne kando yake ukamwambia mpimane, nusu saa ingepita bila mtu kuulizia chipsi. Walimpita kwa dakika mbili, wakitazama mlango.

Kamati ilijitetea kwa ule msemo wao, elimu kwanza, burudani baadaye. Nimeupinga msemo huu tangu tulipogombana kuhusu kuwapeleka watoto Fort Jesus saa saba mchana, wakikaangwa juu ya matumbawe kwa ajili ya "elimu", na nitaendelea kuupinga. Ndovu anayenyonya chupa si burudani inayosubiri elimu imalizike. Na kama kitu kimoja kina saa maalumu na kingine kiko wazi kutwa, chenye saa ndicho kinachopanga siku. Kocha anayemweka mfungaji wake benchi hadi dakika ya 85 asije akalalamika kwamba hakugusa mpira.

Twiga wa Lang'ata alasiri: safi, ulimi mrefu, vicheko, hakuna la kusema. Lakini baada ya twiga, badala ya ngoma za Bomas, ambako geti lake tulikuwa tumelipita asubuhi, tulipelekwa kwenye duka kubwa kupanda ngazi za umeme. Kama ni ngazi za umeme, Mombasa tunazo.

Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu wetu wa Jiografia hakuwa na WhatsApp wala kamati. Mwaka 1983 alitupandisha treni ya usiku, ile iliyoshusha abiria katikati ya mji, akatuambia asubuhi tutaona kitu kimoja na alasiri kitu kimoja, basi. Asubuhi alitupeleka Museum Hill, moja kwa moja kwa sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka 1974. Akatuketisha chini, kila mmoja achore pembe. Hatukuingia ukumbi hata mmoja. Alasiri tukapanda juu ya KICC kuutazama mji. Mpaka leo naweza kuchora zile pembe. Waulizeni wa Agosti hii wanakumbuka nini Jumanne ile. Mimi nimewauliza saba, na watano wametaja ngazi za umeme.

Jumatano, Makumbusho ya Reli, palipangwa vizuri. Behewa ambalo simba alimvuta afisa wa polisi Charles Ryall akiwa amelala kule Kima mwaka 1900 liliwanyamazisha wote, hata mama wa makofi. (Wale simba wawili wa Tsavo wa 1898 wako Chicago hadi leo, wamejazwa na kuwekwa kwenye kioo. Hilo nitalilalamikia hadi niingie kaburini.)

Dawa haikuhitaji shilingi ya ziada. Jumatatu treni ya mji, tuliyoipanda baada ya SGR, ilitushusha stesheni ya zamani alasiri, na Makumbusho ya Reli yako hatua chache tu kutoka pale. Tungeanza nayo hapo hapo. Jumatano asubuhi ingebaki tupu kwa ajili ya Mvulana wa Turkana na nyoka wa jirani yake, kabla ya SGR ya saa tisa. Jumanne nzima ingekuwa ya kusini: ndovu, chakula, Bomas, twiga tukirudi, vyote upande mmoja wa mji.

Kamati inakutana tena kupanga safari ya Desemba. Kama wewe ni mzazi na ratiba ikikufikia kwenye simu, usibonyeze kidole gumba kabla ya kutafuta mstari huu: saa nne na nusu, basi limeshaegeshwa kwa ndovu. Usipouona, andika hapana.