Nafsi na Amri katika Maandishi ya Mwalimu Nyerere

Husemwa kwamba mtindo wa kiongozi ni kioo cha ubabe wake: anenaye kwa mkato ni hodari wa kukata shauri, na azungukaye maneno ni dhaifu. Hapa Musoma, tangu Bweri hata Mwisenge, alikoanza shule Julius Nyerere wa Butiama mwaka 1934, hukumu hiyo hutolewa upesi, kwa kuwa wazee wengi wangali na sauti yake masikioni. Lakini sauti ni shahidi asiyetosha. Yafaa tutazame sarufi, tuulize: ni nani atendaye katika sentensi?

Katika tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu, iliyotoka mwaka 1963 na kutolewa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, Kaizari hujitaja kwa jina lake mwenyewe, kana kwamba anamsifu mtu mwingine. Huo ni ubabe ulio wazi, na mtafsiri wake hakuuiga. Katika hotuba zake alipenda "sisi", na zaidi alipenda kuuliza swali ambalo jibu lake alikwisha kulishika mkononi. Msikilizaji akajibu, akadhani kwamba ameamua yeye. (Ufundi huu aliutoa darasani, wala haukuzaliwa katika siasa.)

Septemba 1967, katika Ujamaa Vijijini, alieleza kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuundwa kwa nguvu. Watu hawana budi kushawishika na kuingia kwa hiari. Hoja inakwenda taratibu, kila neno likidai sababu yake. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri. Itazameni sentensi hiyo. Kiima chake ni tendo, "kuishi vijijini"; kisha "ni"; kisha "amri". Hapana "mimi", hapana "sisi", hapana hata "TANU". Aamuruye hayumo, na aamriwaye hayumo. Operesheni ilipofika Mara mwaka 1974, katika nchi ya Mwalimu mwenyewe, watu walihamishwa makwao, wengine kwa kulazimishwa. Mkulima aliyetaka kubisha angembishia nani? Huo ulikuwa miongoni mwa uamuzi wake mzito kabisa, nao umeandikwa bila nafsi.

Linganisheni na Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Urais aliuacha mwaka 1985, na uenyekiti wa CCM mwaka 1990. Mwaka 1993 Bunge likapitisha azimio la kutaka Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, naye akashika kalamu. Hapo "mimi" inajaa kurasa: mwandishi husimulia alivyokutana na wakubwa, alivyowaonya, na huwakemea kwa majina Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa chama, Horace Kolimba. Msomaji wa haraka atasema ubabe ndio huu. Mimi naona kinyume chake. Asemaye "mimi" amejitoa uwanjani, yuko mtu wa kuambiwa, "Wewe umekosea." Ukali wa kijitabu hicho ni ukali wa mbishani asiye na mamlaka ya kuamuru, hata kama jina lake peke yake lilikuwa na uzito wa kutosha. Mwaka 1994 Bunge lililipindua azimio lake, na Desemba ya mwaka huo Cleopa Msuya akashika nafasi ya Malecela.