Vipande vya Brilliant Corners

Wimbo unaoipa albamu ya Brilliant Corners jina lake haukumalizwa kwa mkupuo hata mara moja. Tarehe 15 Oktoba 1956, katika studio ya Reeves mjini New York, mpiga piano wa jazi Thelonious Monk na wenzake wanne waliuanza upya mara 25, saa baada ya saa, na kila mara ukawaponyoka njiani.

Ugumu wake umo kwenye hesabu. Nyimbo nyingi za jazi za wakati ule zilikwenda kwa mafungu ya vipimo 8, na vidole vya mpigaji vilishajua pa kugeukia. Huu una fungu la vipimo 8, kisha la 7, kisha la 7 tena, jumla 22. Anayengojea kipimo cha nane anakuta kona imeshapita. Piano inatangulia peke yake, polepole, kila sauti ikipigwa kwa uzito wake. Saksafoni zinapokea: tena ya Sonny Rollins na alto ya Ernie Henry, pamoja, zikiruka kutoka chini hadi juu na kushuka ghafla. Wakifika mwisho wanaurudia wimbo uleule kwa mwendo maradufu, kisha wanarudi polepole, na hata anayepiga peke yake lazima apite mwendo huu na ule.

Rollins haukimbii ugumu huo. Anachukua kipande cha melodi, anakizungusha, anakirefusha, na hapotezi hesabu. Zamu ya Henry inapofika, Monk anaondoa mikono kwenye piano na kumwachia njia nyeupe, abaki na besi ya Oscar Pettiford na dramu za Max Roach. Mtunzi aliyekataa kuurahisisha wimbo wake alijua pa kumpunguzia mwenzake mzigo.

Baada ya hapo kazi ilihamia kwa mtayarishaji, Orrin Keepnews wa kampuni ya Riverside. Alikuwa na tepu zenye vipande vizuri, lakini hakuna hata kimoja kilichokuwa wimbo kamili.

Enzi hizo tepu iliunganishwa kwa mkono. Fundi anashika magurudumu mawili ya mashine na kuyasogeza mbele na nyuma, taratibu, hadi asikie mahali hasa sauti inapoanzia. Anatia alama kwa penseli ya nta mgongoni mwa tepu, anailaza kwenye mfereji wa chuma, anakata mshazari kwa wembe, kisha anakutanisha ncha mbili na kuzibana kwa utepe wenye gundi, bila pengo wala kupandana, kama msusi anayeshona ukili uwe mkeka. Lakini ncha kukutana hakutoshi. Mwendo wa kipande cha kwanza lazima ulingane na wa cha pili, na mlio wa matoazi uliokuwa bado unatetema usikatwe kabla haujafifia. Hapo wembe hausaidii; ni sikio tu, na kusikiliza tena. Nikiusikiliza wimbo huu wa dakika zaidi ya 7, naona jinsi Keepnews alivyouheshimu: ameunganisha, na ugumu wa wimbo ameuacha ulivyo.

Nyimbo nyingine hazikuhitaji subira ya namna hiyo. Katika Pannonica, uliopewa jina la rafiki yake Monk, Pannonica de Koenigswarter, Monk mwenyewe anapiga kinanda cha selesta kwa mkono wa kulia na piano kwa wa kushoto, na ile sauti nyembamba ya kengele inaelea juu ya nyuzi nzito. Desemba 7 walirudi studio. Tarumbeta ya Clark Terry ilikuwa imechukua nafasi ya Henry, na Paul Chambers ndiye aliyeshika besi. Siku hiyo Monk alipiga I Surrender, Dear peke yake, bila haraka. Walirekodi pia Bemsha Swing, ambamo Roach aliongeza timpani kando ya dramu zake, akizigonga katikati ya mapigo ya kawaida. Na Monk, badala ya kuzikwepa ngurumo zake, anazijibu moja kwa moja kwenye piano.